Chasisi Huoza kwa Ndani: Wasomaji wa Kigoma na Tabora Wauliza

Barua nyingi za safari hii zimetoka kanda ya magharibi, na karibu zote zina kilio kimoja: gari kuukuu la porini, injini bado ina nguvu, bodi inaridhisha, ila chini kutu imeanza kutafuna chasisi. Tumechukua tano. Jibu la kwanza ni refu kwa sababu kazi yenyewe imeelezwa humo mwanzo hadi mwisho, na majibu yanayofuata yanalirejea.

SWALI: Nina Land Cruiser pikapu ya mwaka 1994, injini ya 1HZ. Kwa miaka minne imebeba chumvi kutoka Uvinza kwenda Kasulu na Kibondo. Juzi fundi alipoingia chini kubadilisha bushi za springi, chasisi ilidondosha magamba ya kutu makubwa kama maganda ya muhogo. Nataka niipake rangi nyeusi yote. Ninunue rangi gani?
— Msomaji, Uvinza

JIBU: Habari ya rangi iache kwanza, ndugu yetu. Chasisi ya Land Cruiser ni bomba la pembe nne lililo wazi ndani. Tope na vumbi huingia kupitia matundu ya kiwandani na kutuama chini ya bomba hilo, na tope likishachanganyika na chumvi halikauki kabisa. Chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu wa hewa ukifika asilimia 75 hivi, na usiku wa majira ya mvua kiwango hicho hupitwa kirahisi. Ndiyo maana hata gari lililoegeshwa bandani wiki nzima linaendelea kuliwa. Ukipaka rangi nje leo, chuma kitaoza kutoka ndani kuja nje, na rangi itakuficha ukweli mpaka siku kishikio cha springi king'oke na gari likiwa limeshiba mzigo.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Liweke gari juu ya stendi nne imara (jeki peke yake haitoshi), kisha gonga chasisi kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha duara, kila baada ya sentimita 5. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilicholiwa kinatoa sauti butu, kama debe lililojaa mchanga. Gonga zaidi pale chasisi inapoanza kupanda ili ipite juu ya eksele ya nyuma, kwa sababu tope la ndani hukwama chini ya mwinuko huo. Gonga pia kuzunguka vishikio vya springi na kila mahali ambapo pleti mbili zimelaliana. Maji huingia katikati ya pleti hizo na hayatoki. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, hivyo pleti hufura na kuachana. Ukiona mstari wa pleti umetunisha tumbo, hapo hakuna cha kujadili. Nyundo ikizama au bisibisi ikipenya, ruka hadi jibu letu kwa msomaji wa Kasulu.

Ikiwa chuma bado kizima, osha. Lipandishe gari mbele ili liinamie nyuma, ingiza mpira wa maji kwenye matundu ya mbele ya chasisi, fungua maji, kisha gongagonga bomba lote kwa nyundo ya mpira ili tope liachie. Zibua matundu ya chini ya kutolea maji kwa waya mgumu. Mengi utayakuta yamezibwa na tope lililokauka kama tofali. Usiache mpaka maji yatoke meupe. Inaweza kuchukua saa nzima kwa kila upande, na ndiyo saa yenye faida kuliko zote katika kazi hii. Mashine ya presha inafaa nje, lakini kwa ndani kinachoondoa chumvi ni wingi wa maji. Kisha acha gari likauke siku mbili tatu za jua kali, na upulize ndani kwa kompresa.

Nje, kwangua magamba kwa patasi na nyundo, kisha brashi ya waya. Hapa wengi hukosea. Brashi ya waya ya grenda ikiendeshwa sana haiondoi kutu iliyojichimbia, bali huisugua mpaka ing'ae kama chuma cheusi, na mpakaji anadhani amemaliza. Maliza kwa diski ya msasa namba 60 au 80 mpaka uone rangi ya chuma chenyewe, na vishimo vidogo tu vibaki na weusi. Vaa miwani na barakoa.

Kwa gari la chumvi kuna kipimo kimoja ambacho hatungependa ukiruke. Ukishasafisha sehemu, iache usiku mmoja bila kupaka chochote. Asubuhi itazame kwa karibu. Ukikuta ndani ya vishimo kumetokea vidoa vyenye unyevu, vya rangi ya chungwa, chumvi bado imo. Osha tena, kausha, piga msasa tena. Wakati mwingine inabidi kurudia mara tatu.

Vishimo vilivyobaki vipake dawa ya kugeuza kutu. Dawa hizi hufanya kazi kwenye kutu nyembamba iliyoshikamana na chuma. Juu ya magamba ni kupoteza hela. Kama yako ni ya asidi ya fosforiki, suuza mabaki yake kwa maji na kukausha kabla ya kupaka praima, maana epoksi haishiki vizuri juu ya asidi. Kisha praima ya epoksi mikono miwili kwa brashi, ukisukuma rangi iingie pembeni na kwenye vichwa vya bolti, na rangi ya juu mikono miwili. Kwa chasisi ya pikapu lita 2 za praima na lita 2 za rangi zinatosha. Redoksaidi ya kawaida (praima nyekundu ya chuma) ni nafuu na inafaa, ila isiachwe peke yake bila rangi ya juu, kwa sababu inapitisha unyevu. Rangi ya lami hatuipendekezi kwa gari la zamani. Ikishapasuka kwa kokoto za barabara ya vumbi, maji huingia nyuma yake na kukaa humo, nawe huoni kitu.

Fanya kazi hii kati ya Juni na Agosti, na brashi iwekwe chini kabla ya saa 10 jioni ili umande usikute rangi mbichi. Mwisho kabisa ndipo inapuliziwa nta ndani ya bomba. Namna yake tumemwandikia msomaji wa Sikonge.

Na mzigo wenyewe usipodhibitiwa, yote haya yatakuwa ya mwaka mmoja. Tandika turubai zito la plastiki chini ya magunia na ulipandishe pembeni kama beseni, ili maji ya chumvi yasipenye kwenye matundu ya bolti za bodi na kudondokea chasisi. Kila ukishusha mzigo wa mwisho, osha chini siku hiyohiyo.

SWALI: Gari langu linabeba dagaa na migebuka kutoka mwalo wa Kibirizi. Kijana anayeliendesha hulipaka mawese chini kila mwezi, anasema ndivyo ilivyofanywa zamani. Jirani anasema oili chafu ni bora zaidi. Tena gari huoshwa ziwani, na mwingine ananiambia maji ya ziwa ndiyo yanayoleta kutu. Nimsikilize nani?
— Mama mfanyabiashara, Kigoma

JIBU: Shikamoo mama. Tuanze na ziwa, kwa sababu linasingiziwa. Maji ya Tanganyika ni baridi, si ya chumvi kama ya bahari. Tena Kigoma ina ushahidi wake wa nini mafuta sahihi yanaweza kufanya. Mwaka 1916 Wajerumani walipoizamisha kwa makusudi meli yao Graf von Götzen, mafundi waliipaka injini grisi nene kwanza. Ilipoibuliwa mwaka 1924 injini ilikuwa bado inafaa kutengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ile iliwekwa juu ya mashine safi, ikazuia maji na hewa kugusa chuma. Siri yote ya kuzuia kutu imo humo.

Mawese hayawezi kazi hiyo. Ni mafuta ya mmea, na yakikaa juani na hewani huchacha. Mafuta yaliyochacha yana asidi, na asidi inakula chuma kile unachotaka kukilinda. Kisha yanaita panya na sisimizi, na panya akishapajua chini ya gari hatasita kutafuna nyaya za umeme.

Oili chafu ya injini inazuia kutu kiasi, hatutakudanganya. Lakini imebeba masizi, asidi za mwako na unga wa vyuma, inalainisha na kufurisha bushi za mpira mpaka gari lianze kuyumba, na ina madhara kwa ngozi ya anayeipaka kwa mikono mitupu. Gari hilo likiingizwa ziwani, oili inaelea pale pale watu wanapochota maji na kuosha dagaa. Mwambie kijana aache vyote viwili. Aoshe kwanza, akaushe, kisha apake grisi ya kawaida nyembamba kwenye bolti, vishikio na maungio ya nje, na nta ndani ya chasisi. Asiguse diski za breki, bomba la ekzosi wala mipira.

Sababu nyingine ya kutoosha ziwani: diffu ikitoka safari ni ya moto. Ikizama ghafla kwenye maji, hewa iliyo ndani hupoa na kusinyaa, na diffu hunyonya maji kupitia sili au kibomba chake cha kupumulia. Baada ya miezi michache oili ya diffu inageuka kama maziwa na bearingi zinalia. Oshea nchi kavu, kwa ndoo na mpira.

Adui wako hasa ni yale maji ya barafu na chumvi yanayotiririka kutoka kwenye mzigo. Mwangalie fundi wa bodi amefungulia wapi tundu la kutolea maji. Mara nyingi liko juu ya chasisi kabisa, na kutu inaanzia hapo hapo. Aunganishe mpira wa nusu inchi kwenye tundu hilo, aushushe mpaka chini ya usawa wa chasisi, na kuufunga usichezecheze. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na inachookoa.

SWALI: Nimeonyeshwa Land Cruiser mkonga iliyoingizwa kutoka Japani. Chini imepakwa rangi nyeusi inang'aa kama mpya. Niamini?
— Msomaji, Kibondo

JIBU: Rangi mpya chini ya gari la zamani ni sababu ya kuangalia mara mbili. Magari yaliyotumika kaskazini ya Japani, hasa Hokkaido, hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo mengine yanafika bandarini yakiwa yameshaanza kuoza. Tazama kama rangi imepita juu ya mipira ya ekzosi, vibandiko na nyaya. Aliyeandaa chuma vizuri huvifunika hivyo kwanza. Kagua mabomba ya breki na nyuzi za yuboliti (bolti zenye umbo la U) za springi, sehemu ambazo rangi haifichi kirahisi. Kamera ndogo ya waya inayounganishwa na simu ipitishe ndani ya tundu la chasisi, utaona mwenyewe. Omba pia karatasi ya mnada wa Japani: kwenye mchoro wa gari, herufi S ni kutu na C ni kutu iliyokwisha kula, na namba inayofuata ikiwa kubwa ndivyo hali ilivyo mbaya.

SWALI: Natumia Land Rover Defender 110 ya mwaka 1997 kwenye kazi ya mizinga, porini Sikonge. Huku tunaambiana Land Rover haiozi kwa sababu bodi yake ni alumini. Ni kweli? Na kwa kuwa nta ya nyuki kwetu si haba, naweza kuitumia badala ya ile dawa ya nta ya madukani?
— Mfugaji nyuki, Sikonge

JIBU: Bodi ni alumini, sawa, ila chasisi ni chuma, tena si nene, na kizuizi kinachobeba milango na kioo cha mbele ni chuma pia. Kibaya zaidi, alumini ikigusana na chuma penye unyevu, vitu viwili hivyo huzalisha umeme mdogo na alumini hubadilika kuwa unga mweupe kuzunguka bolti. Weka washa za plastiki au pakaa grisi kila unapofungua sehemu hizo. Kwenye chasisi anza na krosmemba ya nyuma, ile inayobeba ndoano ya kuvutia, kisha mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Kwenye Defender hizo ndizo huanza kwenda.

Nta yako inafaa sana. Mchanganyiko wake ni gramu 350 za nta, lita 1 ya oili mpya nyepesi ya mashine, na lita 2 na nusu za tapentaini. Nta iwe imeyeyushwa na kuchujwa, isiwe na asali hata kidogo. Wewe mfugaji unajua kwamba nta ndiyo chambo cha mzinga mtupu, na chasisi yenye harufu ya asali ni mzinga mrefu wa chuma. Iyeyushe kwenye sufuria iliyokaa ndani ya maji ya moto. Nta huyeyuka nyuzi 62 hadi 64, huhitaji moto wa moja kwa moja. Mimina oili, koroga. Kisha epua, sogea mbali kabisa na jiko, ndipo umimine tapentaini kidogo kidogo. Tapentaini karibu na moto inalipuka, na hilo halina mchezo. Ikipoa iwe laini kama uji mwepesi. Ikiganda, weka dumu juani.

Kwa kupulizia, chukua mpira mgumu wa milimita 6 wenye urefu wa mita moja na nusu, ziba ncha yake, na toboa vitundu vinne vya milimita 1 pembeni, kuzunguka ncha, ili dawa itoke pande zote. Unganisha na bunduki ya kupulizia, kompresa bari 4 hadi 6. Ingiza mpaka mwisho wa bomba, fyatua, vuta nje polepole, kama sentimita 10 kwa sekunde. Rudia kila tundu. Utajua imetosha dawa ikianza kudondoka kwenye matundu ya chini. Iache idondoke, kisha pitisha waya matunduni yasizibe. Land Rover ndefu inakula lita 3 hadi 4 ndani. Matundu makubwa ya pembeni yafunge kwa vizibo vya mpira. Ya chini usiyafunge kamwe. Rudia kila mwaka kabla ya mvua za Novemba. Nta ya mara ya kwanza hukauka taratibu, na gari lisikaribie kazi ya kuchomelea kwa wiki kadhaa.

SWALI: Fundi amekuta tundu la ukubwa wa kiganja kwenye chasisi ya Hilux yangu, upande wa kushoto nyuma. Anasema atafunika kwa bati na kuchomelea juu yake. Nikubali?
— Msomaji, Kasulu

JIBU: La hasha. Kuchomelea juu ya kutu kunatoa kazi yenye vipovu, inayong'oka kwa mtikisiko wa kwanza wa shimo. Bati la paa au la bodi halibebi mzigo, na kujaza kwa fila au saruji ni kujiwekea mtego.

Kazi inavyotakiwa ni hivi. Chuma kikatwe mpaka kufikia kilicho kizima chenye unene wake wa awali, hata kama tundu la kiganja litakuwa la mkono mzima. Kiraka kiwe pleti ya milimita 3, kona zake zimeviringwa, na ncha zake za mbele na nyuma zimechongwa kwa mshazari. Mstari wa kuchomelea unaosimama wima, kukata chasisi kutoka juu hadi chini, ndio mahali chasisi itakapovunjika baadaye. Fundi achomelee vipande vya sentimita 3, akiruka huku na huku ili chuma kisipinde, kwa vijiti vya 7018 vya milimita 2.5 vilivyokaushwa, ampea 70 hadi 90. Kabla ya kuanza, gari liwe juu ya stendi pande zote mbili za tundu ili chasisi isilegee, waya zote mbili za betri zitolewe, plagi ya altaneta ichomolewe, tangi la mafuta lishushwe, na mabomba ya breki yasogezwe. Kibanio cha ethi kiwekwe karibu na kazi, kisipitishie umeme kwenye bearingi. Mtungi wa kuzimia moto uwe mkononi mwa mtu. Kama chasisi iliwahi kupuliziwa nta, mtu huyo asiondoke hata kidogo.

Tundu likiwa karibu na boksi ya usukani au kwenye kishikio cha springi, kiraka hakitoshi. Hapo ni kubadilisha kipande kizima, na kazi hiyo mpe fundi aliyewahi kuifanya.

Kazi ikipoa, ndani ya chasisi nyuma ya mshono patakuwa chuma kitupu kilichoungua, na kutu hukimbilia hapo kabla ya kwingine kokote. Pulizia nta ndani wiki hiyohiyo, na nje praima na rangi.

Jambo la mwisho, na uliseme kwa fundi kabla hajawasha grenda: namba ya chasisi imechongwa kwenye chuma chenyewe, na kwenye pikapu nyingi za Toyota iko mbele kulia, karibu na tairi. Hapo ni brashi ya mkono tu, kisha paka grisi. Namba iliyofutwa kwa grenda haitalingana tena na kadi ya gari, na kuirudisha ni safari ndefu kuliko kutengeneza chasisi.